Jua kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno hili, lilikotoka na linavyotumika Mombasa

Mombasa neno hili husikika kila siku, Changamwe, Likoni, Kongowea na Majengo, na kila mtu hudhani analielewa. Lakini mteja na fundi wanaweza kulitamka wakiwa wamekusudia mambo mawili tofauti, na hapo ndipo ugomvi wa pesa unapoanzia.

Jua kali ni nini hasa?

Asili yake ni maneno mawili ya kawaida: jua linalochoma. "Leo jua kali" ni habari ya hewa, basi. Nchini Kenya maana nyingine zimepandana juu ya hiyo moja, na zilivyopandana ndiyo siri ya neno lenyewe.

Kwanza ni mahali: uwanja au kando ya barabara ambapo mafundi hufanya kazi bila paa. "Peleka gari jua kali" ni kulipeleka huko. Kisha ni watu wenyewe: wafua bati, wachomeleaji, makanika, watengenezaji wa mikokoteni na masanduku. Kutoka kwa watu neno likahamia kwenye vitu vyao: jiko la jua kali, karai la jua kali. Mwisho limekuwa jina la namna ya kufanya jambo lolote kando ya njia iliyozoeleka, hata pasipo nyundo wala chuma. Ndiyo maana husikika "chuo cha jua kali", "Kiingereza cha jua kali" na "programu ya jua kali" kwa ile iliyoundwa na mtu mmoja kwa kuungaunga.

"Jua" hapa ni jua la mbinguni, au ni kitenzi cha kujua?

Ni jua la mbinguni. Ipo tafsiri inayopendwa kwamba fundi wa jua kali ni yule "anayejua vikali". Ni tafsiri nzuri kwa sikio, ila sarufi haiikubali. Kitenzi kingefuatwa na kielezi: jua sana, jua vizuri, jua vikali. Hapa kuna kivumishi -kali, ambacho katika umoja wa ngeli ya LI-YA husimama bila kiambishi: jua kali, jicho kali. Kwingine hubadilika: kisu kikali, mbwa mkali, na katika wingi wa LI-YA, maneno makali.

Neno lilianzia wapi?

Ni neno la Kenya, na jina lake lilipata nguvu zaidi Nairobi, kwa wafua bati wa Kamukunji na Shauri Moyo waliokuwa wakigonga mapipa na mabati juani kutwa nzima.

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko jina. Ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, na mafundi wengi wakaletwa kutoka Bara Hindi. Baadaye karakana za Wahindi, pwani na bara, zikawa shule isiyo na ubao: kijana aliingia kama msaidizi wa kushika koleo, akajifunza kukata bati, kukunja pindo na kulehemu, kisha akatoka kwenda kujitegemea. Karakana ilikuwa na paa na ukuta. Yeye hakuwa na hata kimoja, na tofauti hiyo ndiyo iliyompa jina.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya iliyoeneza duniani istilahi ya "sekta isiyo rasmi". Ripoti hiyo ilisema wazi kuwa watu hawa wanazalisha mali na hawapaswi kufukuzwa na kubomolewa. Istilahi ya wataalamu haikushika midomoni mwa watu, ya fundi ikashika. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Vilipojengwa vikaitwa vibanda vya Nyayo, kwa kaulimbiu ya rais huyo. Kuanzia hapo neno la mtaani likaingia katika karatasi za serikali, hadi waraka wa sera nambari 2 wa 1992 ukabeba "Jua Kali" katika kichwa chake ilhali umeandikwa kwa Kiingereza.

Jambo hili ni nadra na lastahili heshima. Kwa kawaida ofisi ndiyo huwapa watu wa chini jina. Hapa jina lilipanda ngazi kutoka chini, na ofisi ikalipokea bila kulitafsiri.

Kwa nini kazi ifanywe juani? Si wangekodi tu vyumba?

Kodi ni sababu moja, na si kubwa kuliko zote. Kubwa ni ardhi. Fundi aliye kando ya barabara hana hati ya kipande kile, kwa hiyo akijenga ukuta wa mawe anakuwa amejenga cha kubomolewa. Nguzo nne na turubai huhamishika usiku mmoja. Pia kazi ya chuma ina moshi, cheche na kelele zisizovumilika ndani ya chumba, na pipa la lita 200 au fremu ya geti haipiti mlangoni. Lipo na soko: anayepita barabarani huiona kazi ikifanywa, na chema chajiuza.

Mombasa jua lina uzito wake. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 pamoja na unyevu wa bahari, na bati lililoachwa wazi saa saba halishikiki kwa mkono mtupu. Ndiyo maana kazi nyingi za kukata na kukunja hufanywa asubuhi, na mchana huachiwa kazi za chini ya turubai.

Mbona seremala wa Mji wa Kale haitwi jua kali, hata akikaa nje?

Kwa sababu pwani ilikuwa na majina yake ya ufundi kabla ya neno hili: seremala, mhunzi, sonara, mwashi, mshona viatu, fundi wa majahazi. Kila jina lilikuwa na cheo chake na watu walijulikana kwa nyumba walikojifunzia. Jua kali lilipofika lilishika palipokuwa wazi, yaani kwenye bati, chuma chakavu na injini. Mchonga milango ya nakshi akiitwa "fundi wa jua kali" mbele ya wateja wake atalipokea kama tusi, na ana haki.

Katika sentensi hutumiwaje?

Likiwa mahali, halichukui -ni. Husemwa "naenda jua kali". Ukisema "naenda juani", umesema unakwenda kuota jua au kuanika nguo.

Likieleza kitu, hutanguliwa na kihusishi cha -a kinachofuata ngeli ya kitu kile: kiti cha jua kali, jiko la jua kali, mkokoteni wa jua kali, sufuria ya jua kali. Upatanisho wa neno lenyewe hubadilika kulingana na maana. Jua la angani ni "jua kali limetuchoma". Uwanja au sekta, mazungumzoni utasikia "jua kali imejaa leo", kwa sababu msemaji ana gereji au sekta mawazoni. Katika maandishi yanayohitaji uangalifu, andika "sekta ya jua kali" au "uwanja wa jua kali" na tatizo linakwisha.

Mtu mmoja ni fundi wa jua kali, wengi ni mafundi au watu wa jua kali. Magazetini hutokea pia "wanajuakali".

Ni sifa au ni tusi?

Sikiliza kihusishi cha -a. "Jiko hili limetengenezwa jua kali" ni taarifa ya mahali lilipotoka. "Jiko hili ni la jua kali" tayari ni hukumu. Na ikiongezwa "tu", kama katika "ah, hii ni ya jua kali tu", bei imeshashushwa kabla ya kutajwa.

Cheo cha kazi nacho hubadilisha maana. Kwa kazi zinazofahamika kuwa za mikono, neno halina ubaya: "nina fundi wangu wa jua kali" husemwa kwa fahari na mtu aliyepata fundi mwaminifu. Kwa kazi zinazohitaji cheti, ni shutuma nzito. "Daktari wa jua kali" na "wakili wa jua kali" ni watu wanaofanya kazi wasiyoisomea wala kuruhusiwa, na usimwite mtu hivyo kama huna uhakika.

Kwa fundi mwenyewe, adabu ya Mombasa ni kumwita "fundi" peke yake, au "fundi" na jina lake. Ukisimama mbele ya kibanda na kuuliza "nyinyi jua kali mwauzaje hii?" utajibiwa, lakini bei utakayopewa itakuwa na faini ndani yake.

Tofauti yake na feki, mtumba, kienyeji na kiholela ni ipi?

Hapa watu huchanganya sana. Feki, au bandia, ni kitu kinachojifanya kingine: kina nembo ya kampuni ambayo haikukitengeneza. Kitu cha jua kali hakijifanyi. Hakina nembo, na aliyekitengeneza unaweza kumkuta palepale. Fundi akibandika nembo ya kiwanda kwenye kazi yake, siku hiyo imeacha kuwa jua kali na imekuwa feki.

Mtumba ni kitu cha kiwandani kilichokwisha kutumiwa na mwingine. Jina limetoka kwenye furushi lenyewe. Kienyeji, kutoka kwa mwenyeji, ni cha asili ya hapa, na kwenye kuku na mboga ni sifa inayopandisha bei. Kiholela hueleza ukosefu wa utaratibu. Kazi ya jua kali inaweza kuwa na utaratibu mkali kabisa wa vipimo, na jengo la ghorofa lenye mhandisi na kibali likajengwa kiholela.

Kitu cha jua kali chaweza kuwa bora kuliko cha dukani?

Ndiyo, na mfano ulio karibu zaidi uko jikoni. Jiko la makaa la zamani, ambalo wazee wengine huliita seredani, lilikuwa bati tupu, na joto jingi lilitoka ubavuni likapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaundwa Kenya jiko lenye kiuno, wazo lake likitokana na jiko la ndoo la Thailand. Juu na chini ni pana, katikati ni jembamba, na nusu ya juu ina kikombe cha udongo uliochomwa. Kiuno hubeba uzito wa udongo, na udongo hushika joto lisikimbilie ubavuni. Mafundi wa jua kali ndio walioligonga kwa wingi, wakalieneza, na leo wengi hulijua kama "jiko" tu.

Linapoharibika, sababu huwa chache. Udongo uliochomwa kabla ya kukauka vizuri hupasuka siku za mwanzo. Kikombe kilichogandishwa kwa saruji tupu hupasuka pia, kwa kuwa bati na udongo hutanuka kwa viwango tofauti. Saruji huchanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayostahimili joto, ili upatikane mto laini kati yao. Na mwenye jiko hulivunja mwenyewe akizima makaa kwa kumwagia maji likiwa bado la moto. Zima kwa majivu au kwa kuyafunika.

Nitatambuaje kazi nzuri ya geti au grili?

Anza na unene wa chuma, sio rangi. Kwenye bati, kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Mnunuzi asiyejua hili hufurahia namba kubwa. Kwa mabomba ya mraba, uliza unene wa ukuta kwa milimita, kisha tazama ncha iliyokatwa kabla haijazibwa.

Halafu tazama maungio. Mchomeleo mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana sawasawa, umezunguka ungio lote, na ganda lake jeusi limegongwa likatoka. Nukta tatu nne zilizofunikwa na rangi ni mishikizo, na grili ya mishikizo hung'olewa kwa mtaimbo. Kwa bomba la ukuta wa milimita 1.5, fundi hutumia rodi, yaani kijiti cha kuchomelea, ya milimita 2.5 na mkondo wa takriban ampea 60 hadi 90. Akizidisha, chuma hutoboka na atajaza tundu kwa vipande. Akipunguza mno, mchomeleo hukaa juu kama nta bila kushika. Gonga kwa nyundo ndogo: ungio lililoshika hulia kwa mlio mmoja na chuma chenyewe, lisiloshika hutoa mlio mfu.

Mombasa kuna adui wa ziada, nayo ni chumvi ya hewani. Chuma kilichopakwa zinki huonekana salama, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki palepale kwenye ungio, na kutu huanzia hapo. Mwambie fundi asugue ungio kwa brashi ya waya hadi ling'ae, apake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iachwe ikauke, ndipo zije koti mbili za rangi ya juu. Rangi ya juu ikipakwa moja kwa moja kwenye chuma, nyumba ya Nyali au Likoni iliyo karibu na maji huanza kuchuruzika kutu ukutani mapema sana. Moshi wa zinki ni sumu kwa fundi pia: huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Afanye kazi hiyo upepo unakopita, na zinki ya mahali pa kuchomelea iondolewe kwanza.

Ni vitu gani visikubaliwe kwa njia ya jua kali?

Pipa lililobeba petroli, rangi au dawa lisichomelewe wala kukatwa kwa moto, hata kama limekaa tupu miezi mingi. Mvuke hubaki kwenye mapindo na pipa hulipuka. Lioshwe kwanza, kisha likatwe kwa patasi na nyundo. Kama moto haukwepeki, likishaoshwa lijazwe maji hadi chini kidogo ya mstari wa kukata na tundu la juu liachwe wazi. Na lililobeba kemikali lisiwe la maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Sufuria za kusubu, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu kutokana na chakavu, zina shaka yake. Chakavu changanyiko, vipande vya injini na redieta pamoja, chaweza kuwa na risasi, ambayo haionekani wala haina ladha na hudhuru watoto zaidi. Chakula chenye ukali kama mchuzi wa ukwaju, nyanya au ndimu huitoa kwa urahisi. Kwa vyakula hivyo tumia chombo kingine, na usilaze chakula ndani ya sufuria hiyo.

La tatu ni umeme. Mtandao wetu ni volti 240, na waya wa kuunganishaunganisha hupata moto mahali pembamba zaidi. Soketi za kawaida zinahitaji waya wa milimita mraba 2.5, na ule wa 1.5 ni wa taa. Mtu wa kufunga umeme nyumbani awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Hapa hatutetei neno hata kidogo.

Fundi wa jua kali anaweza kuwa na cheti?

Anaweza, na wengi wanavyo. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutahini ufundi kwa gredi tatu, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na ina kituo Mombasa. Mtihani ni wa vitendo pamoja na nadharia, kwa hiyo aliyejifunzia kazi uwanjani anaweza kuufanya. Kisheria nako hayuko gizani: sheria ya biashara ndogo ya 2012 inatambua hata biashara yenye watu chini ya 10. Kukosa paa ni jambo moja, kukosa ujuzi ni jingine kabisa.

Nikiagiza kitu, nikubaliane na fundi vipi?

Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari: vipimo kwa sentimita, unene wa chuma, aina ya rangi na idadi ya koti, siku ya kuchukua, na nani anabeba usafiri. Kama ni geti, pima upana wa nafasi juu, katikati na chini, kwa maana kuta nyingi si timazi, na utumie kipimo kidogo kabisa. Arubuni iwe ya kutosha kununua chuma. Ukitoa kidogo mno fundi atanunua chembamba au atatumia pesa za mteja wa baada yako, na hapo ndipo "njoo kesho" huzaliwa. Pita uone kazi kabla haijapakwa rangi, kwa kuwa rangi huficha kila kitu tulichokitaja. Salio lilipwe kitu kikishafungwa na kujaribiwa.

Nikisema jua kali Tanzania nitaeleweka?

Wengi watadhani unalalamikia joto, ingawa wafanyabiashara wanalijua kwa sababu ya maonyesho ya Afrika Mashariki yaliyoanza 1999, ambayo yana majina mawili pamoja: Jua Kali na Nguvu Kazi. Dar es Salaam sema "fundi wa mtaani".

Liandikwe neno moja au mawili?

Mawili, kwa herufi ndogo: jua kali. Herufi kubwa ni kwa jina rasmi la chama, sera au maonyesho. Huungana tu linapobeba kiambishi cha watu, kama wanajuakali.